Mji Tuliomchagulia Mdogo Wangu

Baba alilitandaza koti uani, mbele ya zizi, upande wa ndani ukiangalia juu. Alipiga magoti. Akaanza kulipapasa kwenye kola, akashuka mgongoni, akageuza mkono mmoja, akageuza wa pili, akainua kila pindo kulitazama kwenye jua. Mimi nilikuwa bado nimeshika barua niliyomaliza kuwasomea. Dereva wa kituo cha utafiti wa pamba, aliyetuletea barua hiyo na sanduku, alisimama kando ya gari lake na kofia mkononi, hajui aondoke au abaki. Hakuna aliyekuwa ameanza kulia. Tulikuwa tunamtazama baba.

Hivyo ndivyo kwetu tunavyokagua ngozi. Ukimkabidhi mtu ng'ombe wako akulishie, na ng'ombe akafia mikononi mwake, mtu huyo haji na maneno matupu. Analeta ngozi. Unaitandaza chini, unatafuta alama yako ya moto uhakikishe ni ng'ombe wako kweli, unaangalia kama kuna tundu la mkuki, kama kuna meno ya fisi, kama alikonda kwa njaa. Ngozi inakueleza. Ukiridhika, mnakaa mnakula pamoja na maisha yanaendelea. Usiporidhika, aliyekabidhiwa anabaki pale pale mpaka ajibu.

Mdogo wangu alifia Birmingham, Uingereza, alikokwenda kusomea shahada ya pili. Kilichorudi ni sanduku, na ndani ya sanduku lile koti. Baba alilikagua lote asione kitu. Akainua uso akaniuliza mimi, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, alama iko wapi?"

 Baba ameshakufa, mimi nimeshaingia miaka ya hamsini, na jibu bado sina. Ndiyo maana naandika, mimi niliyeishia darasa la saba, mwandiko wangu kama nyayo za kuku. Majina sitayataja. Watu wenyewe wanajijua, na wa hapa Bariadi watawajua kwa kazi zao.

Tulizaliwa upande wa Zagayu, kwenye mashamba ya pamba. Tulikuwa wanne, tukabaki wawili, mimi na yeye. Mama alipokufa yeye alikuwa na miaka sita, basi nikamlea mimi. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Msimu wa kuvuna, pamba ilikuwa inalundikwa ndani ya nyumba kabla ya kuuzwa, na watoto wengine waliona raha kujitupa juu yake kama godoro. Yeye akiingia tu, anaanza kuvuta pumzi kwa mlio kama wa mlango mkavu. Nilikuwa namtoa nje, namkalisha akiegemea ukuta, namkanda mgongo mpaka mlio unapungua. Kifua kile nilikijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu nitalirudia.

Alikuwa na akili. Alisoma, akapita kila mlango, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa pamba, kazi ya mbegu. Wakati huo mambo yalikuwa yanageuka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Ghala la ushirika pale kwetu lilikuwa limefungwa kufuli, popo wanaingilia juu, na wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, kila mmoja na bei yake na tabasamu lake. Bidhaa zikajaa madukani. Nguo za mitumba zikamwagwa chini sokoni Bariadi, mpaka vikongwe wakavaa makoti ya Ulaya kwenda shambani. Na mtu akaanza kuulizwa anataka nini. Zamani kijana akipelekwa kusoma nje, serikali ndiyo iliyosema nenda Urusi, nenda Bulgaria, naye akaenda. Mdogo wangu alipopata ufadhili, wafadhili walimwambia ajitafutie chuo mwenyewe, mji wowote wa Uingereza, mradi akubaliwe.

Akaandika barua nyingi. Akajibiwa na vyuo vitatu. Kimoja kilikuwa Aberdeen, kingine Norwich, cha tatu Birmingham. Akapanda basi akaja nyumbani na hizo barua tatu ndani ya bahasha ya kaki, akaziweka mbele ya baba.

Watu wa mjini watacheka. Msomi mzima anampelekea baba yake, mfugaji, amchagulie mji wa Uingereza. Lakini kwetu mtu hahami hivi hivi. Hata ukihama na ng'ombe kwenda Meatu tu hapo, familia inakaa kwanza. Wanauliza maji, wanauliza majani, na kabla ya yote wanauliza nani wa kwetu ametangulia huko. Msukuma anahama kwa kufuata mtu. Mahali pazuri pasipo na mtu wako panaitwa pori.

Tulikaa Jumapili baada ya ibada. Baba, baba yangu mdogo, yule mdogo wangu, na mimi niliyekuwa naandaa ugali huku nasikiliza. Yeye alieleza vizuri sana. Aberdeen ni kaskazini kabisa, baridi yake ni kali. Baba akaisukuma ile barua pembeni kwa kidole. Birmingham ni mji mkubwa, wa viwanda, na masomo yake hayakuwa hasa yale aliyoyataka. Norwich ndiyo aliyoipenda. Mji mdogo, umezungukwa na mashamba, mvua yake chache kuliko sehemu nyingi za huko, mwalimu wa mbegu anayemhitaji yuko pale, na chumba wameshamtengea ndani ya chuo, hatua chache kutoka darasani. Alisema hilo la chumba mara mbili.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huko Norwich atakupokea nani?"

"Chuo kitanipokea, baba."

"Chuo ni nyumba. Mimi nimekuuliza mtu."

Hapo ndipo baba mdogo alipotoa kaseti. Alikuwa amejiandaa, alikuja na redio yake na betri mpya. Kaseti ilitoka kwa kijana wa Mwamapalala aliyekuwa ameishi Birmingham miaka kadhaa. Wakati ule watu walituma kaseti badala ya barua, na hiyo ilikuwa imezunguka vijiji vingi mpaka sauti imeanza kuyumba. Tulimsikia anaongea Kisukuma safi kabisa, anasalimia mwangaluka kana kwamba amesimama mlangoni, anauliza mvua, anaitaja njia ya Zagayu, anauliza ng'ombe mmoja mmoja, anacheka. Halafu akasema kwamba mtoto yeyote wa huko nyumbani akifika Birmingham, kwake ndiyo kwao. Pamoja na kaseti ilikuja picha. Amesimama mbele ya nyumba ya matofali mekundu, mkono kiunoni, mlango una namba ya shaba.

Baba aliishika ile picha muda mrefu. Nikaona shingo yake inalegea, kama mtu aliyetua mzigo.

Baba mdogo akasema asiwe na wasiwasi, yeye atamwandikia yule bwana na kumkabidhi kijana rasmi, kama tunavyokabidhiana ng'ombe. Baba mdogo alikuwa na mtoto wake kidato cha sita wakati ule. Alitaka njia ifunguliwe, na mdogo wangu ndiye atangulie kuifungua. Hilo sikulijua siku hiyo. Nimelijua baadaye, nalisema sasa.

Mdogo wangu akanifuata jikoni. Akasimama pale kwenye moshi, yeye ambaye moshi haukumfaa, akaniambia polepole, "Dada, wewe unakijua kifua changu. Nikipewa chumba ndani ya chuo, na daktari wa chuo karibu, nitamaliza salama. Baba anakusikiliza. Nisemee."

Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia kweli.

Sasa nieleze kitu kimoja, si kwa kujitetea. Mimi niliolewa Mwanhuzi nikiwa na miaka kumi na saba. Nyumba nzuri, ng'ombe wengi, mume ana baiskeli mpya. Ila hapakuwa na mtu wa kwetu hata mmoja. Nilipigwa miaka mitatu na hakuna mlango niliokuwa naujua wa kukimbilia. Nilipofanikiwa kurudi nilirudi nachechemea, na mpaka leo mguu huu ukiona mawingu unanikumbusha. Kwa hiyo nilipomsikia anasifia chumba na daktari na mvua chache, niliona ile nyumba ya Mwanhuzi. Nikaona mdogo wangu peke yake ndani yake.

Baba akaniuliza mbele ya wote, "Na wewe mayu, unasemaje?"

Nikasema, "Aende penye mtu."

Maneno matatu. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, akazikusanya barua zake taratibu akazirudisha kwenye bahasha. Hakubisha. Alikuwa kijana wa heshima, na heshima hiyo ndiyo tuliyomuulia.

Koti tulilinunua Bariadi, kwenye mitumba. Baba alitaka alivae tuone. Jua la saa saba, vumbi, na mdogo wangu anatembea kati ya marundo ya nguo akiwa amefungwa vifungo mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Mama mmoja muuza nyanya akasema, "Huyo mnamvisha au mnampika?" Watu wakacheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Muuzaji akamwambia baba, "Mzee, chukua tu. Hili lilitoka huko huko, njia ya kurudi inalijua." Baba alilipenda neno hilo. Alilirudia kwa kila mtu tuliyekutana naye njiani.

Nikamfungia michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, kwenye kifuko cha kitambaa. Nusu yake, nusu ya mwenyeji wake. Siku aliyoondoka baba alimshika mkono akamwambia kwamba sasa yuko mikononi mwa mtu wa Mwamapalala, amtii kama kaka.

Barua ya kwanza aliniletea mimi, kupitia kanisani, si kwa baba. Nilikaa nyuma ya ghala lile la ushirika nikaisoma polepole. Alisema amefika salama na mji ni mkubwa mno. Alisema alikaa stesheni ya treni tangu asubuhi mpaka taa zikawashwa, amekalia sanduku, kifuko cha michembe kwenye mapaja ili mwenyeji amtambue. Hakuja mtu.

Halafu kikafuata kitu ambacho ilinibidi nikisome mara nyingi kabla ya kuelewa. Wakati wa kujaza fomu, chuo kilimuuliza kama anahitaji chumba. Kwa kuwa tulishamkabidhi kwa mtu, aliandika kwamba ataishi kwa ndugu yake. Chuo kikawapa wengine vyumba vyote. Alipokwenda kuomba, aliambiwa wanasikitika, vimejaa. Akapanga chumba cha chini, nusu ya dirisha iko chini ya ardhi. Alisema ukuta wake unatoa jasho na una ukungu mweusi, akiufuta Jumatatu, Alhamisi umerudi. "Usimwambie baba," akaandika. "Nitamtafuta huyo bwana, huenda barua yetu haikumfikia."

Sikumwambia baba. Hilo nalo ni langu. Nilikwenda kwa baba mdogo, nikamkuta anachunga kivuli chini ya paa lake, akaniambia mtu huyo lazima amesafiri, walio Uzunguni wana safari nyingi, nisiwe na haraka ya kike.

Barua ya pili alisema masomo ni mazuri ila kifua kimeanza. Barua ya tatu alisema amemwona mtu wetu. Alielekezwa na Mtanzania mwingine, akamkuta nyuma ya hoteli anaosha masufuria. Nyumba ya matofali mekundu haikuwa yake. Alikuwa anaishi na watu watano chumba kimoja, na ile picha alipigwa akiwa amesimama tu mlangoni kwa watu. Mdogo wangu alimpa ile nusu yake ya michembe. Yule bwana akaipokea, kisha akamwambia, "Nani alikuambia uje kwangu? Mimi nilituma salamu. Sikutuma wito."

Mdogo wangu hakumlaumu. Aliandika kwamba alimwonea huruma, kwamba mtu anaona aibu, na ni kweli kuosha masufuria si kosa. Mimi huruma hiyo sikuwa nayo na sijaipata. Kama huna nyumba, sema huna nyumba. Nani angekucheka? Sisi tuliokuwa tunalala na pamba?

Barua ya nne ilikuwa fupi, mwandiko umelala. Alisema ni majira ya baridi, koti analala nalo. Alisema akifunga macho anausikia mkono wangu mgongoni.

Ya tano haikuwa yake. Ndiyo ile aliyoileta dereva, chuo kiliandikia kituo cha utafiti, kituo kikaitafsiri kwa Kiswahili, na mimi nikawasomea uani. Ilisema alikutwa chumbani, pumu ilimzidi. Ilisema walisikitika. Ilisema amezikwa kwa heshima huko huko, kwa idhini ya ndugu yake anayeishi mjini humo, aliyefika na kusaini kwa niaba ya familia.

Ndugu yake.

Mdogo wangu akiwa hai, mtu wa Mwamapalala alisema hakumwita. Alipokufa alifika upesi, akashika kalamu, akawa ndugu. Hakutuandikia hata mstari mmoja kutuuliza kama tunamtaka mtoto wetu. Wafadhili labda wangemrudisha, labda wasingemrudisha, hatujui, kwa kuwa hakuna aliyetuuliza. Alitusemea.

Baba alipomaliza kulikagua koti alilikunja akaingia nalo ndani. Kesho yake asubuhi alichimba mwenyewe, karibu na mama, akalizika koti lile. Ile barua akaikunja akaitia mfukoni mwa koti, akasema mwenye maneno yake aende nayo. Sikumzuia. Sikuwaza kwamba anuani ya chuo ilikuwa mle ndani. Nilipokuja kuwaza nilikwenda kituoni kuuliza kama wana nakala, nikakuta watu wengi wameshapunguzwa kazini, ofisi imefungwa, na mlinzi akaniambia majalada yalihamishwa, hajui wapi. Kwa hiyo hatujui kaburi liko upande gani wa mji ule. Hatujui kama lina jiwe. Baba alikufa hajui.

Baba mdogo yupo bado, macho yamekwisha. Mwaka ule aliougua nilikaa kitandani kwake nikamuuliza kwa upole kabisa kama kweli alimwandikia yule mtu kumkabidhi kijana.  Akasema hakuandika. Mtu akishasema karibu, alisema, utamuuliza tena vipi kama alimaanisha? Utakuwa umemtukana. Kwa hiyo aliona haya, akamwambia baba ameandika. Nikampa maji akanywa. Sikumgombeza, alikuwa amekwisha tayari. Ila nimeliweka hapa, wajukuu zake walisome.

Na mtu wa Mwamapalala amerudi. Ana miaka kadhaa sasa hapa Bariadi, kando ya barabara kuu, na amejenga nyumba ya kulala wageni. Matofali mekundu. Nimeipita mara nyingi nikienda sokoni. Siku moja, saa nne asubuhi, nikaingia. Alikuwa barazani anakunywa chai, amenenepa, mvi zimempendeza. Nilimsalimia kwa Kisukuma, nikamtajia mimi ni nani. Kikombe alikiweka chini taratibu.

Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi.

Akatazama barabarani. Akasema, "Mayu, yale ni ya zamani. Tumwachie Mungu."

"Mungu hakusaini ile karatasi. Ulisaini wewe."

Akasema ana simu anaingojea, atanitafuta, nimwachie namba kwa binti wa mapokezi. Niliiacha. Hajapiga. Nimerudi mara tatu, na mara zote binti yule, mtoto mwenye adabu, ameniambia mzee ametoka, huku viatu vyake nikiviona mlangoni.

Mimi langu nimeshalisema. Nilisema aende penye mtu, nikaficha barua, nikaacha anuani izikwe. Nikiulizwa mbele ya watu nitajibu hivyo hivyo, bila kupunguza. Baba mdogo naye amejibu, kwa kuchelewa. Umebaki wewe, mtu wa Mwamapalala.

Nakusubiri nyumbani, upande wa Zagayu, Jumapili yoyote baada ya ibada. Njia unaijua, ulikuwa unaitaja kwenye kaseti. Nitaweka kigoda uani, mbele ya zizi, pale baba alipopiga magoti, na nitawaita wachache waliobaki. Sikuombi machozi. Kwa ng'ombe tu ungeleta ngozi, na mtoto wetu hukutuletea hata neno. Njoo ukae utuambie alizikwa mahali gani, nani alisimama pale, na siku ile alipokalia sanduku stesheni na kifuko changu mapajani, wewe ulikuwa wapi.